Miguu Minne ya Kitanda

Hapa Keko wananiita Bibi Chumvi, na si kwa sababu ya mapishi. Jina langu la ubatizo ni Eliaichi, ila ukija kuniulizia kwa jina hilo watakuelekeza kwa mtu mwingine. Hadithi zangu huwa zinazidi kidogo, basi. Mie ndiye niliyesimulia kwamba mvua kubwa ilimbeba mpangaji mmoja akiwa usingizini juu ya kitanda chake cha mninga, kitanda kikaelea naye mpaka Mtoni, akazindukia katikati ya soko, na kabla hajapikicha macho mtu akamuuliza, "Braza, kitanda unatoa bei gani?" Wapo wanaobisha. Wabishe. Kitanda kile alikitengeneza Elibariki, na ukivijua vitanda vya Elibariki utakubali kwamba vinaweza kuelea.

Sasa haya ya Elibariki mwenyewe sikuyatia chumvi. Labda kidogo, pale penye bajaji.

Elibariki ni fundi seremala, kijana wa Machame, mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Kibanda chake kipo pale barabarani, mbele vitanda vimepangwa vikipigwa vumbi na jua, nyuma yeye na randa yake. Ana tabia moja inayochekesha wateja: ubao ukiletwa, kwanza anaunusa, halafu anaubisha hodi kwa vidole kama mtu aliye mlangoni kwa wakwe. Nilimuuliza siku moja, "Wewe, huyo mbao anaitikaga?" Akasema, "Anaitika, bibi. Aliyeoza ndiye haitiki."

Mkewe ni Tupokigwe, binti wa Tukuyu, anafundisha watoto wa chekechea pale kanisani kwetu. Mcheshi, sauti ya kuimba anayo, na jikoni hana mpinzani kwa ndizi, ingawa sie Wachaga hatupendi kukiri jambo hilo. Tunakaa nyumba moja ya kupanga, wao chumba na sebule, mie chumba kinachofuata, ukuta mmoja kati yetu. Na ukuta wenyewe haufiki darini. Wakikohoa kwao, mie naitikia "pole".

Katika uwanja wetu ule kila mwanamke ana jina la mtoto. Mama Praygod, Mama Neema, Mama Mapacha. Hata mie, mzee hivi, nilikuwaga Mama Aikande kabla sijawa Chumvi. Tupokigwe peke yake ndiye tuliyekuwa tukimwita Tupokigwe. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila kila ulipomwita, ulikuwa kama umemgusa mahali panapouma.

Kanisani kwetu tuna desturi. Asubuhi ya mwaka mpya kila mtu huja na kitu, kionyeshe jambo analoliweka mikononi mwa Mungu kwa mwaka huo, akakisimamisha mbele ya madhabahu kikaombewa. Fundi cherehani analeta mkasi. Mwanafunzi analeta sare. Mama lishe analeta mwiko. Mie nilipeleka goti langu la kushoto, maana ndilo lenye ishu, na sikuona sababu ya kuliacha nyumbani. Mzee Didas alitaka kuipandisha bajaji yake nzima kwenye ngazi za kanisa, ikafika ngazi ya katikati, ikapiga magoti kabla yake, ikalia kwa uchungu mpaka kwaya wakadhani ni tenzi wakaanza kuitikia. Hapo ndipo penye chumvi.

Mwaka juzi Elibariki alipeleka kitanda cha mtoto. Tupokigwe alikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa, na mumewe alikitengeneza kitanda kile kwa mtiki, kazi ya usiku mwingi ikiwa ndani yake. Akakibeba kichwani kutoka Keko mpaka kanisani, akakiweka mbele. Kanisa lilipiga makofi, vigelegele, watu wakasimama kukitazama. Mwinjilisti Gozbert akakiwekea mikono, akasema, "Mwaka huu kitalaliwa!" Sote tukasema amina, na amina yangu mie ilikuwa kubwa kuliko za wote.

Mwezi wa tatu mtoto alizaliwa amekufa. Wa kike. Alikuwa mzuri, ana nywele. Nilimwosha mimi.

Elibariki hakulia mbele yetu. Alikitoa kile kitanda nyuma ya nyumba, akakivunja taratibu, bila hasira, kama mtu anayefungua kitu alichokifunga mwenyewe. Mbao zake akatengenezea vigoda, akagawa uwanjani. Mie ninacho kimoja. Sijawahi kukikalia sawasawa, nakalia nusu.

Tangu hapo akawa anakuja kanisani na kusimama nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Nyumbani sala ya chakula akamwachia mkewe. Na mimba ya pili ilipoonekana, alipewa pongezi akajibu "haya", basi.

Tupokigwe yeye aliendelea kuimba. Miezi ikaenda, tumbo likachomoza, ikafika Desemba. Wachaga wote wakapakia mabegi wakapanda kwao kula Krismasi, Keko ikabaki nyeupe. Mie nilibaki na goti langu. Elibariki naye hakwenda. Mkewe alitazamiwa kujifungua mwezi wa tatu, na daktari wa kliniki alikuwa amesema presha inapanda, asisafiri, apumzike, na aombe.

"Hata daktari kasema niombe," Tupokigwe alimwambia mumewe wakiwa wanakula. Nilisikia, ukuta ule.

"Madaktari wakisema uombe ujue wamefika mwisho wao," Elibariki akajibu.

"Kitanda utaanza lini?"

Kijiko kikagonga sahani.

"Eli. Mwaka mpya huo unaingia."

"Sitengenezi."

"Unatengenezea watu wote wa Temeke."

"Ndiyo. Wao watoto wao wanalala." Halafu akasema neno ambalo lilinifanya mie huku niache kutafuna. "Safari ile nilimwonyesha Mungu kitanda. Alikiona, Tupo. Kilikuwa mbele yake pale, kimepakwa vanishi. Akakitazama, akasema hapana. Mimi simpelekei tena kitu cha kukataliwa."

Tupokigwe akakusanya vyombo. Jioni ile hakuimba.

Na jambo lenyewe lililomkaba Elibariki lilikuwa hili: kibandani kwake kulikuwa na kitanda cha mtoto. Si chake. Kiliagizwa na Bwana Taher, Mhindi mwenye duka la rangi na bawaba, anayemuuzia misumari tangu alipoanza kazi. Mke wa mwanawe, Lubaba, alikuwa anatarajia mtoto wa kwanza, na Bwana Taher alitaka kitanda cha mjukuu cha mkongo, kichwani kichongwe maua. Alisisitiza kitu kimoja tu: "Fundi, ukimaliza kaa nacho. Usilete mpaka nikupigie simu kwamba mtoto kalia. Kwetu kitanda hakiingii ndani kabla ya mwenyewe. Marehemu mama yangu alikuwa mkali sana kwa jambo hili."

Elibariki alikimaliza. Kikakaa kibandani, kizuri, kitupu, kinamtazama. Alikifunika kwa turubai, lakini turubai likawa na umbo la kitanda. Akakigeuzia ukutani, miguu ikamwangalia. Mchana wa siku ya mwisho ya mwaka uzalendo ukamshinda. Akamwita Mashaka, yule mwenye guta anayebeba fanicha zetu zote, akamwambia, "Kipeleke kwa Bwana Taher. Wakiuliza, waambie fundi hana nafasi ya kukiweka."

Mashaka akapiga pedali mpaka huko. Getini akatoka mama mmoja mtu mzima wa nyumba ile, akaona guta lina nini, akapiga kelele kama ameona nyoka. "Rudisha! Rudisha upesi, mtoto hajazaliwa!" Akafunga geti. Mashaka akasimama barabarani na kitanda cha watu, mawingu yakianza kuwa meusi. Akarudi kibandani, Elibariki ameshafunga ameondoka. Mvua ikaanza kudondoka. Sasa mtu ana mzigo wa fundi, kibanda cha fundi kimefungwa, ataupeleka wapi? Akauleta nyumbani kwa fundi.

Mie ndiye niliyempokea. Tupokigwe alikuwa amelala, miguu imemvimba. Mashaka akanieleza yote hayo haraka haraka huku analowana, tukakisukuma kitanda ndani ya sebule yao, akaondoka mbio. Mlango ukagonga, Tupokigwe akaamka. Akatokea pale pazia la chumbani, akakiona.

Alishika fremu ya mlango.

"Bibi," akasema baadaye, "hiki kimetokea wapi?"

Nami ulimi wangu mnaujua. Haujawahi kusubiri akili. "Kimekuja chenyewe," nikasema. "Kimetembea kwa miguu yake minne kutoka Keko barabarani, kimepishana na malori, trafiki kakisimamisha kaomba leseni, kimefika hapa kimebisha hodi, nami nikakikaribisha maana kimelowa."

Akacheka. Mungu wangu, alivyocheka! Miezi mingapi sijausikia mcheko ule. Akakisogelea, akapitisha kiganja kwenye yale maua, akaenda chumbani akatoka na kanga, ile nyeusi na nyekundu aliyopewa na mama yake, akaikunja akaitandika ndani. Akapiga magoti pale pembeni, na tumbo lile, akaanza kuimba tenzi moja ya kwao ya Kinyakyusa. Mie nikatoka. Nikakaa juu ya kigoda changu, nusu, nikaona nimefanya kazi ambayo siwezi kuifanyua.

Elibariki aliingia jioni amelowa. Alipita mbele yangu, "shikamoo bibi", akaingia ndani, akatoka. Hakukaa ndani hata kidogo. Akanisimamia mbele, maji yanamtiririka usoni.

"Nani kakiingiza?"

"Mashaka na mimi."

"Si chetu, bibi."

"Najua si chenu. Wamekirudisha getini."

"Na yeye umemwambiaje?"

Nikatazama mvua. "Nimemwambia kimetembea."

Aliniangalia kijana yule kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena. "Kila kitu kwako ni cha kuchekesha, bibi. Sasa ingia wewe ukamtolee ile kanga."

"Siwezi."

"Mimi nitaweza?"

Akaingia. Nilijua nitasikia kila neno, na safari hii nilitamani ukuta ungefika darini.

"Tupo, hicho kitanda ni cha Bwana Taher."

"Najua."

"Unajua?"

"Eli, mimi si mtoto wa chekechea. Kina maua. Wewe umeshawahi kunichongea ua mimi? Hata kabati la vyombo umelipiga misumari ukaniambia 'chukua'." Akacheka kidogo, kicheko kikakatika. "Nilijua nilipogusa tu. Ila nilitaka nione. Kikiwa pale kwenye kona, na kanga ndani. Nilitaka nione panakaaje. Kesho kichukue."

Elibariki alilia. Nimemjua mwanaume yule miaka, nilikuwa nadhani machozi hakupewa. Alilia kama ubao unaopasuliwa.

"Naogopa," akasema.

"Na mimi naogopa. Daktari kashaniambia, presha hii inaweza kunichukua mimi, inaweza kumchukua mtoto. Unafikiri naimba kwa sababu siogopi?"

"Sasa Mungu unamwaminije?"

"Kwani nina mwingine?" Tupokigwe akasema. "Simdai, Eli. Sikumwambia Mungu, nimeleta kitanda nipe mtoto. Ninamwambia, shika mkono wangu huko ninakokwenda, maana sioni."

"Na kama tena?"

Mvua ikapiga bati.

"Kama tena," akasema, "nitamlilia yeye yule yule. Nikamlilie nani mwingine?"

Asubuhi ya mwaka mpya Elibariki hakuwepo. Kalala nyumbani, lakini kulipopambazuka kitanda kilikuwa kitupu upande wake. Mkewe akavaa gauni la kitenge lililobaki kumwenea, akanishika mkono, au mie nilimshika, tukaenda polepole. Hakubeba kitu. Watu walikuwa na mikasi yao na mizani zao na funguo za maduka. Niliwaona wanawake wa uwanja wetu wanamtazama mikononi, wanaona hana kitu, wanageuza nyuso. Wote tulikumbuka yale makofi ya mwaka juzi.

Mwinjilisti Gozbert akasema waje. Watu wakaenda mstari, wakaweka, wakarudi. Tupokigwe alibaki kwenye benchi, mikono juu ya tumbo. Nikamwambia taratibu, "Nenda hivyo hivyo, mwanangu. Mie si nilipeleka goti?" Akatikisa kichwa. "Namsubiri," akasema. Sikujua anamsubiri Mungu au mumewe.

Mstari ulikuwa umekwisha, mwinjilisti ameshafungua kitabu, ndipo mlango wa nyuma ukalia. Elibariki akaingia na nguo za kazi, maranda kwenye nywele, kwapani ana vipande vya mbao. Akapita katikati ya kanisa, viatu vyake vinagonga sakafu, akafika mbele, akavipanga chini. Miguu minne ya kitanda cha mtoto. Miguu tu. Haina mbavu wala chaga za kubeba godoro, haijapigwa msasa.

"Mwinjilisti," akasema, "safari ile nilileta kilichokwisha. Nikaondoka nikifikiri kazi yangu na kazi ya Mungu zimekwisha." Akainama akausogeza mguu mmoja wa mbao ukae sawa. "Mwaka huu nimeleta nilichoweza asubuhi hii. Kingine sijui. Sijui kama kutakuwa na haja ya kingine. Nimekuja kumwambia sijui."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwinjilisti Gozbert, ambaye huwa hakosi neno, akakifunga kitabu. Nadhani na yeye alikuwa anaikumbuka ile "kitalaliwa". Akapiga magoti chini, pembeni ya zile mbao, akasema, "Tuombe," kisha hakuomba kitu, tukakaa na ukimya ule mpaka mtoto mmoja akapiga chafya. Tupokigwe akasimama kwenye benchi, akaenda akasimama karibu na mumewe. Nikasema amina. Ndogo.

Mjukuu wa Bwana Taher alizaliwa Januari hiyo hiyo, salama, wa kiume. Bwana Taher akaja mwenyewe kukichukua kitanda, maana kilibaki pale sebuleni wakati wote, nani angekitoa kwenye mvua zile. Alikuwa ameshasikia habari, Keko hakuna siri. Akasimama mlangoni na sanduku la mithai, zile tamutamu zao za sherehe, anaona haya.

"Dada," akamwambia Tupokigwe, "yule mama wa nyumbani kwetu pale getini alikuwa na hofu tu. Usituone wabaya."

"Sikuwaona wabaya, mzee. Hofu tunaijua hapa."

"Kimekaa kwako kikangoja, na kwetu mtoto amefika salama. Mwenyezi Mungu akufikishe na wewe." Akageuka upesi, akajifanya anamfokea Mashaka kuhusu kamba.

Na Tupokigwe alifikishwa, lakini si kwa njia tuliyoiomba. Presha ilipanda ghafla, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa kabla ya wakati wake. Mtoto wa kike tena. Hai. Mdogo, jamani, na hapa siongezi kitu, natamani ningekuwa naongeza: kichwa chake kama chungwa, kilio chake kama cha paka aliye chumba cha pili. Wakamfunga kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na mama akichoka wakamfunga kifuani kwa Elibariki. Ungeliona jitu lile la Machame limekaa kwenye benchi la hospitali, shati wazi, halipumui sana lisije likamwangusha mtu.

Sasa wamerudi nyumbani. Mtoto bado analala kifuani, mchana na usiku wanapokezana, na kliniki wanataka kumpima uzito mara kwa mara. Wakirudi kutoka kliniki ameongezeka, Elibariki anakwenda nyuma ya nyumba na kuongeza kipande kimoja kwenye ile miguu minne. Hakuna aliyemwambia. Ndiyo kazi yake anavyoitaka. Ubavu mmoja, kisha wa pili, kisha vijiti vya pembeni. Anaubisha hodi ubao kwanza, anasikiliza, halafu ndiyo anapiga. Sie uwanja mzima tunaishi kwa nyundo ile. Tukiisikia, tunajua.

Juzi walirudi kutoka kliniki kimya. Tupokigwe alipita na mtoto kifuani bila kusalimia, si kawaida yake. Nikamfuata Elibariki nyuma. Alikuwa amekaa chini, kijiti mkononi.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hajaongezeka, bibi. Kapungua kidogo. Wamesema tungoje, tuone."

Nilikuwa na hadithi kinywani, ya mtoto mmoja wa Machame aliyezaliwa akatoshea kwenye kibuyu na akawa mtu wa kubeba magunia. Nikaimeza. Nikaenda kukiburuta kigoda changu, kile cha mtiki, nikakileta pale, na kwa mara ya kwanza nikakikalia chote.

Elibariki akakigeuza geuza kile kijiti. Akakinusa. Akakibisha hodi kwa kidole, akainamisha sikio, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ubao unavyohitaji. Ndani Tupokigwe alikuwa ameanza ile tenzi ya kwao, chinichini.

Halafu akachukua nyundo, akakipigilia.